Matamshi ya Kiingereza Mkoani Mara: Lafudhi Inapoishia na Kosa Linapoanzia

Mwishoni mwa kipindi, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari wilayani Bunda hutoa amri moja kati ya mbili. Ama humwagiza kiranja akusanye madaftari, ama huwaagiza wanafunzi wasahihishe kazi zao wenyewe kwa kufuata majibu yaliyo ubaoni. Amri ya kwanza huhitaji neno “collect”, ya pili neno “correct”. Maneno hayo mawili yametenganishwa na sauti moja tu: la kwanza lina l katikati, la pili lina r. Katika darasa lenye watoto waliokulia katika lugha mbalimbali, amri moja inaweza kuzaa matendo mawili. Upande huu madaftari yanapitishwa mbele. Upande ule kalamu zinafunguliwa.

Mkanganyiko wa aina hiyo ni wa kweli, lakini kwa kawaida hugeuzwa kichekesho. Wachekeshaji wa redioni na jukwaani wameishi miaka mingi kwa kuiga matamshi ya watu wa Kanda ya Ziwa, na kicheko chao hufunika swali lenye uzito: ni lini tofauti ya matamshi huvuruga maana, na ni lini humtambulisha tu msemaji? Kwa hili la pili Kiswahili kina neno lake, lafudhi, yaani namna ya kutamka inayoonyesha msemaji ametoka wapi au alianza na lugha gani. Lafudhi si sawa na lahaja, ambayo hubeba pia msamiati na sarufi yake. Wala si sawa na kosa la matamshi. Hata hivyo, katika mazungumzo kuhusu Kiingereza cha Watanzania maneno hayo matatu hutupwa kapu moja.

Anayelipa gharama ya kapu hilo ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Katika shule za msingi za serikali amefundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza amekisoma kama somo. Akivuka kuingia sekondari, jiografia, baiolojia na hisabati humjia kwa Kiingereza. Anapaswa kuuliza na kujibu kwa lugha ambayo bado anaitafuta, na mara anapofungua kinywa wenzake wanacheka. Hawacheki wazo lake. Wanacheka r yake. Wengi huamua kunyamaza, na mwanafunzi aliyenyamaza kidato cha kwanza ni vigumu kumrudisha kwenye mazungumzo kidato cha tatu.

Ili kuelewa kinachotokea ni lazima kuitazama Mara yenyewe, kwa kuwa ni mikoa michache ya Tanzania iliyobeba lugha nyingi hivyo katika eneo dogo hivyo. Musoma na viunga vyake ni nchi ya Kikwaya, Kiruri na Kijita, lugha zinazokaribiana sana. Butiama ni kwa Wazanaki. Bunda ina Waikizu, Wasizaki na Wajita, na kusini yake unaanza ulimwengu wa Wasukuma. Kaskazini wako Wakurya, na kando ya ziwa, Rorya, wako Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote hawa sokoni na ofisini. Kiingereza huja juu ya tabaka hizo mbili, lugha ya nyumbani na Kiswahili, na hupakwa rangi ya zote mbili.

Sauti mbili zenye sifa mbaya kuliko zote ndizo hizo za “collect” na “correct”. Wanafonetiki wa Kiswahili huiita l kitambaza na r kimadende. Katika Kikurya cha asili kitambaza hakipo. Msemaji ana kimadende peke yake. Katika Kisukuma mambo yamepinduka: kitambaza kipo, kimadende hakipo isipokuwa katika maneno ya mkopo. Bunda imekaa kwenye barabara kuu inayounganisha pande hizo mbili, hivyo darasa moja linaweza kuwa na mtoto anayevutwa kuelekea r na mwingine anayevutwa kuelekea l, na kila mmoja akamwona mwenzake ndiye aliyekosea. Ng'ambo ya ziwa, Kiganda kina suluhisho la tatu: sauti zote mbili zipo, lakini zinahesabiwa kuwa moja. R hutokea baada ya irabu i na e, l hutokea kwingineko, na msemaji hahitaji kuchagua. Mjapani naye ana sauti moja mahali ambapo Mwingereza ana mbili. Hakuna hata mmoja kati ya hawa mwenye ulimi mzito. Kila sikio limefunzwa tangu utotoni kupuuza tofauti ambayo lugha ya nyumbani haikuihitaji.

Lililo muhimu kwa mwalimu ni kwamba tatizo hili halikuletwa na Kiingereza. Lilikuwapo tayari katika Kiswahili, ambamo “kura” na “kula” ni maneno mawili, na “mahari” si “mahali”. Mtoto aliyezoezwa vizuri kutofautisha kura na kula darasa la pili amekwisha kulipa nusu ya deni la “collect” na “correct”. Aliyeachwa apite hivyo hivyo kwa sababu “anaeleweka tu” ataidaiwa sekondari, pamoja na riba. Ni kweli kwamba hata Kiswahili chenyewe hulegeza mpaka huo mahali pengine, kama katika “lamba” na “ramba”, ambayo kamusi huyakubali yote mawili. Lakini ulegevu huo umewekwa kwenye maneno machache, na kamusi imeyaandika.

Hali ni tofauti kidogo kwa sauti za th na dh. Kiswahili sanifu kimezipokea kutoka Kiarabu, na msemaji wa pwani aliyelelewa na “thelathini” na “dhahabu” hafundishwi upya sauti za mwanzo za “think” na “this”, anazo mdomoni. Katika bara zima, Mara ikiwemo, watu wengi husema “selasini” na “zahabu”, na Kiingereza chao hufuata njia hiyo hiyo. Wakosoaji hupenda kutaja kwamba anayesema “sink” badala ya “think” amesema kuzama badala ya kufikiri. Kwa mantiki hiyo, anayetamka “samani” akimaanisha thamani amezungumzia viti na meza, na anayetamka “zana” akimaanisha dhana amezungumzia majembe. Mambo hayaendi hivyo. Muktadha huokoa karibu kila mara. Hakuna aliyewahi kununua kabati kwa sababu mhasibu alitaja samani ya hisa.

Wala Mara haiko peke yake katika hili duniani. Watu wengi wa Ireland, ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza kwa vizazi, hutamka “think” kwa sauti iliyo karibu na t. Wanaijeria wengi hutumia t na d, Wafaransa huangukia s na z, na Wahindi huweka t inayogusa meno. Katika Uingereza yenyewe, vijana wengi wa London husema f. Ukiwaweka watu hao wote katika chumba kimoja na mtu wa Butiama, th “sahihi” itakuwa na wasemaji wachache, na mkutano utaendelea bila shida.

Butiama ina haki ya pekee ya kutajwa hapa. Ndiko alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, mwana wa chifu wa Wazanaki, akiwa na Kizanaki kama lugha yake ya kwanza. Alisoma Mwisenge mjini Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere, na kati ya mwaka 1949 na 1952 alikuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kwa miaka hiyo alizungukwa na Waskoti, ambao hutamka r kila inapoandikwa na ambao wenyewe walikuwa wamechoka kuambiwa na Waingereza kwamba hawatamki vizuri. Hakurudi akiwa na lafudhi ya Kiskoti, wala ya London. Tanganyika ilipopokewa Umoja wa Mataifa tarehe 14 Desemba 1961, alihutubia Baraza Kuu kwa Kiingereza cha Afrika Mashariki, na dunia ilimsikiliza. Huyo ndiye mtu aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Ujuzi wake wa Kiingereza haukuwa na shaka, na lafudhi yake haikuwa ya Kiingereza. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja katika kinywa kimoja bila kugombana.

Mwaka 1984 Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Kauli hiyo imetumiwa mara nyingi kutetea kubakizwa kwa Kiingereza mashuleni, na wapinzani wake wameilaumu kwa sababu hiyo hiyo. Kuna maana nyingine ndani yake ambayo haijadiliwi sana. Kama Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, basi kimepata pia hatima ya Kiswahili: kimevuka mipaka ya wenyewe, na kila kinakofika hutamkwa kwa ulimi wa wenyeji. Kiswahili cha Lubumbashi hakisikiki kama cha Unguja, na cha Musoma hakisikiki kama cha Mombasa. Usanifishaji ulioanza na uamuzi wa mwaka 1928 wa kuchukua Kiunguja kuwa msingi ulilenga hasa maandishi. Haukumfanya Mkurya kuwa Mwunguja. Kiingereza hakina hata chombo kama BAKITA cha kutoa uamuzi. Kilicho nacho ni mazoea ya wenye nguvu, na wenye nguvu wamebadilika mara kadhaa.

Mabadiliko hayo yanaweza kusomwa ndani ya kamusi ya Kiswahili, kwa sababu maneno ya mkopo ni kanda ya sauti iliyorekodiwa kabla ya kanda kuwapo. Yatazame maneno haya: kona, kadi, fomu, ripoti, pasipoti, namba, jenereta, baa. Yote yametokana na maneno ya Kiingereza ambayo kwa maandishi yana r baada ya irabu, na yote yameiangusha. Kiswahili hakikuwa na tatizo na r. Kinaipenda, kama “barabara” inavyoshuhudia. R haikuingia kwa sababu waliotoa maneno hayo hawakuitamka. Walikuwa Waingereza wa kusini mwa nchi yao, au watu waliofundishwa nao. Lau koloni lingetawaliwa kutoka Edinburgh au Chicago, huenda leo Watanzania wangejaza “formu” na kukata “korna”.

Irabu nazo zina ushuhuda wake. Kiingereza cha Uingereza ya kusini huhesabiwa kuwa na irabu takriban 20, pamoja na zile zinazoteleza kutoka moja hadi nyingine. Kiswahili kina tano. Irabu 20 zikiingia katika nyumba ya vyumba vitano, lazima zilale kwa kubanana. Irabu ya “shirt”, “skirt”, “nurse” na “jersey” ni moja kwa Mwingereza, na Kiswahili hakina chumba chake. Ikaingia kwenye a katika “shati”, na kwenye e katika “sketi”, “nesi” na “jezi”. Mpaka wa Sirari huonyesha mgawanyo huo waziwazi. Mtanzania humwita mhudumu wa hospitali nesi, na akizungumza Kiingereza huvuta maneno ya aina hiyo kuelekea e. Mkenya husema nasi, na aghalabu huyavuta maneno hayo kuelekea a. Mgonjwa wa Tarime anayetibiwa Migori husikia tofauti hiyo ndani ya siku moja. Kwa mfasiri anayeandika manukuu ya filamu, au mkalimani anayesikiliza kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kujua jambo hili kuna faida kuliko orodha ndefu ya misamiati: humwezesha kutambua kwamba “bad” na “bed” alizozisikia kwa wajumbe wawili huenda zote zilikuwa “bird”.

Mfano mwingine ni “benki”, pamoja na “gesi”, “jeki”, “bendi” na “meneja”. Mwalimu wa leo hufundisha “bank” na “gas” kwa sauti iliyo karibu na a. Kiswahili kilichukua e kwa kuwa Waingereza wa kizazi cha kale waliitamka irabu hiyo ikiwa imepandishwa juu kuliko inavyotamkwa sasa. Uingereza imesogea, “benki” imebaki mahali Uingereza ilipokuwa. Anayemcheka mzee wa Musoma kwa kusema “meneja” hata anapozungumza Kiingereza anacheka, bila kujua, matamshi ya waliomwajiri babu yake.

Waingereza hawakuwa walimu pekee wa Kiingereza mkoani. Wamennonite kutoka Marekani walifungua kituo chao Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll, Wamarekani pia, walifika Musoma mwaka 1946. Kwa hiyo watoto wa Mara waliweza kusikia, kwa miongo mingi, r ya Kimarekani iliyopinda ulimi, na t ya Kimarekani iliyolainika. Hii ya pili ni ya kuvutia. Katika neno “water”, Mmarekani hapigi t. Hugusa tu kaakaa kwa ncha ya ulimi, na sauti inayotoka ni karibu kabisa na r ya “kura”. Mtoto wa Bunda anayeambiwa kwamba r yake ni mbaya anayo tayari sauti ambayo Mmarekani huitumia kila siku, ila Mmarekani huiandika kwa herufi nyingine.

Wamarekani hao na wageni wengine walikwenda kujifunza Kiswahili katika chuo cha lugha cha Makoko, Musoma, na hapo ndipo mizani ya kijamii inapojionyesha. Mgeni wa Kizungu hushindwa kutamka e na o zilizotulia; “pole” yake huteleza hadi ikawa kama “poulei”, na ng' ya “ng'ombe” humtoa jasho. Wenyeji humsikiliza, humpongeza na kusema kwamba anajitahidi. Wana jina la upole kwa matamshi yake: lafudhi ya Kizungu. Kijana wa Butiama akishindwa kwa kiwango hicho hicho katika Kiingereza, jina ni “hajui”. Vipimo viwili vinatumika kwa kosa moja, na anayevitumia mara nyingi si Mzungu. Ni Mtanzania mwenzake, aghalabu aliyesoma kidogo zaidi.

Kuna hasara nyingine inayotokana na kudhani kwamba lugha ya nyumbani ni mzigo tu. Kikurya kina irabu saba, kwa maana kwamba kinatofautisha e mbili na o mbili mahali Kiswahili kina moja moja; tena urefu wa irabu hubadilisha maana. Kijaluo kina irabu nyingi zaidi, zilizopangwa katika makundi mawili yanayotofautiana kwa nafasi ya shina la ulimi, na jozi zake za i na u zinakaribiana na zile za Kiingereza katika “sheep” na “ship”, “fool” na “full”. Hizi ndizo jozi zinazowashinda Waswahili wengi, ambao hutamka kondoo na meli kwa namna moja. Mtoto wa Kijaluo anakosa sh, kwa hiyo anaweza kusema “sip”. Wenzake watacheka konsonanti, na hakuna atakayegundua kwamba irabu yake ilikuwa karibu na ya Mwingereza kuliko ya mwalimu. Mwalimu mwenye maarifa ya lugha za wanafunzi wake angemtumia mtoto huyo kuwa mfano wa darasa kwa irabu, kisha angewaomba wengine wamsaidie kwa sh. Hilo halihitaji vifaa wala bajeti. Linahitaji chuo cha ualimu kinachofundisha fonetiki ya lugha za mkoa, pamoja na ile ya Kiingereza.

Mkazo huleta matatizo makubwa kuliko sauti zote zilizotajwa, ingawa hautajwi katika vichekesho. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo husogea: kitabu, kitabuni. Tofauti kama ile ya “barabara” ya kupita magari na “barabara” ya kuwa sawasawa ni adimu. Katika Kiingereza mkazo huhama kwa kanuni ambazo hazihesabiki kwa vidole: “photograph” huubeba mwanzoni, “photography” silabi ya pili, “photographic” ya tatu. Zaidi ya hapo, silabi zisizo na mkazo humezwa karibu zisisikike. Msemaji wa Afrika Mashariki huzipa silabi zote haki sawa, na Kiingereza chake husikika kikitembea kwa hatua zilizopimwa. Kwa Mnaijeria au Mhindi hilo ni rahisi kulifuata, pengine kuliko Kiingereza cha Uingereza. Ila mkazo ukitua mahali pasipotarajiwa katika neno la kitaalamu, msikilizaji wa Uingereza au Marekani hupotea kabisa, hata kama kila sauti imetamkwa vyema.

Basi mpaka uwekwe wapi? Mwanaisimu Jennifer Jenkins, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alichunguza mazungumzo ya watu ambao kwa wote Kiingereza ni lugha ya pili, akaangalia ni matamshi yapi hasa yaliyowafanya wasielewane. Th haikuwa miongoni mwa mambo ya lazima. Lazima zilikuwa konsonanti nyingine karibu zote, urefu wa irabu, mafungu ya konsonanti mwanzoni mwa neno, na mkazo mkuu wa sentensi. Hoja yake ilipingwa na waliohofia kwamba inashusha viwango. Kwa Mara, hata hivyo, ina manufaa ya moja kwa moja, kwa sababu inatenganisha yale yaliyochanganywa. Th ya “selasini” iachwe kwa anayeitaka. Kitambaza na kimadende vifundishwe, kwa kuwa mwanafunzi akivichanganya darasa linashindwa kujua kama likusanye au lisahihishe. Urefu wa “sheep” ufundishwe. R ya mwisho ya “teacher” isimsumbue mtu. Nusu ya dunia inayozungumza Kiingereza huitamka, nusu huiacha.

Kipimo hicho kinapingana na mazoea ya tathmini. Kwa miaka mingi mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne umekuwa wa maandishi, na kisichopimwa hakifundishwi. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne bila kusikilizwa akizungumza dakika tano mfululizo. Kisha hukutana na vipimo vya nje ambavyo havikumwandaa. Mtihani wa IELTS, unaodaiwa na vyuo vingi vya ng'ambo, huhesabu matamshi kuwa moja ya mambo manne yanayotolewa alama katika mazungumzo. Unachotafuta ni kueleweka, wala haudai lafudhi ya Uingereza. Vijana wengi wa Mara hawajui hilo, na hulipia kozi za kujifunza kupinda ulimi kama Wamarekani wa kwenye filamu.

Mashine nazo zimeingia katika hukumu hii. Simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi zimefundishwa kwa sauti za watu wa mahali fulani zaidi ya kwingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulijaribu mifumo ya makampuni makubwa matano na kukuta kwamba ilikosea maneno takriban 35 katika kila 100 kwa Wamarekani Weusi, na 19 kwa Wamarekani Weupe. Hao ni watu wa nchi moja. Mtu wa Musoma anayeona simu ikimwandikia upuuzi asikimbilie kudhani kwamba amekosea yeye.

Penye kazi halisi, mambo huamuliwa kwa njia nyingine. Kusini mwa Bunda, kando ya barabara ya Mwanza, liko lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Mwongoza watalii anaweza kupokea kwa wiki moja Mmarekani anayetamka kila r, Mwingereza anayezimeza, Mwaustralia ambaye “day” yake husikika kama “dai”, Mjerumani mwenye v mahali pa w, na Mhindi azungumzaye kwa kasi ya mvua. Hawezi kuchagua mmoja awe ndiye sahihi. Hujifunza kuwasikia wote, na naye hujifunza kusema polepole majina yanayoweza kuchanganywa, kuonyesha kwa kidole, na kurudia neno kwa neno jingine lenye maana ile ile akiona uso wa mgeni umekunjamana. Ustadi huo wa kusikia lafudhi nyingi haumo katika silabasi, na walimu wachache huuhesabu kuwa sehemu ya kujua Kiingereza.

Mwalimu wa Bunda hahitaji kungoja mtaala ubadilike ili aanze. Anaweza kuandika “collect” na “correct” ubaoni, chini yake “kula” na “kura”, akageuka akiwapa wanafunzi mgongo na kutamka moja bila kuonyesha mdomo, wao wakanyoosha kidole kimoja au viwili kwa walichosikia. Kisha abadilishane nao: mwanafunzi atamke, mwalimu ndiye akisie. Akikisia vibaya, darasa zima litajua kwamba na masikio ya mwalimu yana kwao.